Anayepigana na Dhambi Asiachwe Peke Yake



Kila Dominika, katika makanisa yetu, viko viti vitupu ambavyo havikuachwa na wagonjwa wala na wasafiri. Vimeachwa na watu wazima wa afya, wakaao hatua chache tu kutoka kanisani, wasikiao kengele ikilia na wasioondoka nyumbani. Tukiuliza sababu, twajibiwa kwa sauti ya chini, mkono ukiwa mdomoni: “Huyo? Huyo alianguka.” Na kila mtu aelewa ya kuwa hakuanguka kwa wizi, wala kwa uongo, wala kwa kumdhulumu mjane shamba lake. Makosa hayo twayasamehe kwa wepesi wa ajabu. Alianguka katika amri ya sita.

Leo twataka kusema juu ya watu hao, na zaidi juu yetu sisi tuliobaki ndani.

Kwanza tuseme wazi, asije mtu akatusingizia ya kuwa twaifanya nyepesi amri ya Mungu. Uasherati ni dhambi, na uzinzi ni dhambi. Mume amwachaye mkewe na kwenda kwa mwingine avunja ahadi aliyoitoa mbele ya altare. Mtume Paulo alifundisha ya kuwa mwili wa mkristu ni hekalu la Roho Mtakatifu, naye aliwaandikia hayo watu wa Korinto, mji wa bandari uliojaa wapitaji na wafanya biashara. Kanisa halina ruhusa ya kulibadili fundisho hilo, wala sisi hatuiombi. Lakini Paulo huyo huyo hakuwaacha Wakorinto. Aliwaandikia tena na tena, akawakemea, akawalilia; na alipomwona mtu mmoja amekwisha kuadhibiwa vya kutosha, aliwaomba wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni yake.

Twautaja mji wa Korinto kwa makusudi. Singe ni kata mojawapo ya mji wa Babati, na Babati ni mji wa njia panda. Hapo hukutana barabara itokayo Arusha, barabara iendayo Singida, na barabara iendayo Kondoa hata Dodoma. Tangu mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002, na Babati kufanywa makao makuu yake, mji umekua sana. Na tangu lami ya kwenda Dodoma ilipofunguliwa mwaka 2018, magari hupita mchana na usiku. Twamshukuru Mungu kwa maendeleo hayo. Walakini mji wa njia panda una majaribu yake. Dereva hulala mbali na mkewe. Kijana aliyetoka Mbulu au Hanang' kutafuta kazi apanga chumba peke yake, mbali na macho ya baba na mjomba. Binti auzaye chakula kituoni aambiwa maneno matamu na mtu ambaye kesho atakuwa mji mwingine. Na siku hizi hata asiyetoka nyumbani anayo njia panda mfukoni mwake, yaani simu, imleteayo usiku picha chafu. Kwanza azitazama kwa udadisi, kisha azizoea, mwisho ataka kuziacha na hawezi.

Wengi katika watu hao wanapigana. Yuko aliyeifuta picha hiyo mara kumi na kuirudia mara kumi na moja. Yuko aliyeahidi mbele ya Msalaba kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, na kabla ya mwezi kwisha akaona haya hata kuutazama Msalaba huo. Wako mume na mke walioishi pamoja miaka mingi bila ndoa takatifu, wakazaa na kusomesha, na kila Misa hubaki wamekaa wakati wenzao wanapokwenda kupokea Komunyo. Mtu anayepigana bado yu hai rohoni. Hatari yake kubwa ni ile siku atakapojiambia ya kuwa hakuna faida tena kupigana, kwa kuwa yu peke yake, na kwa kuwa wenziwe wamekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu.

Nani amfikishaye siku hiyo? Tusimtupie Shetani kazi yote.

Tutwae mfano. Si habari ya mtu fulani, lakini hakuna kigango ambacho msomaji hataitambua. Kijana na binti wote wawili ni wanakwaya. Binti apata mimba. Kabla ya juma kwisha aambiwa avue sare na kuirudisha. Jumuiya yamjadili, naye hayupo. Mama yake aona haya kwenda kisimani. Na yule kijana je? Dominika inayofuata yumo safuni, aimba sauti ya tatu. Na baada ya Misa watu wampa mkono. Mimba yaonekana kwa macho, bali ubaba hauonekani; nasi tumehukumu kwa macho.

Habari hii ni ya kale. Katika Injili ya Yohane walimu wa sheria walimleta mwanamke mbele ya Bwana Yesu, wakisema amefumaniwa katika uzinzi. Sheria ya Musa waliyoitaja iliwahukumu wote wawili, mwanamume na mwanamke. Basi mwanamume alikuwa wapi? Aliyemfumania mmoja bila shaka alimwona na wa pili. Bwana wetu hakusema ya kuwa dhambi si kitu. Alimwagiza mwanamke asirudie tena. Lakini kabla ya kumwagiza hayo, alihakikisha kwanza ya kuwa mawe yote yameanguka chini. Hakuna awezaye kusikia wito wa kutubu huku akitazama mawe mikononi mwa watu.

Wairaqw, ambao ni wengi katika Jimbo la Mbulu, wanalo neno ambalo wazee bado walikumbuka: metimani. Katika mila ya zamani, mtu aliyehesabiwa kuwa na unajisi, kwa mfano mama aliyefiwa na mtoto mchanga, alitengwa na wenziwe kwa muda. Hakuingia katika nyumba za watu wala kushirikiana nao chakula. Na binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alilazimika kuondoka kwao. Wako waliopata hifadhi kwa majirani zao Wadatoga. Sisi wakristu twajivuna ya kuwa tumekwisha kuziacha mila hizo ngumu. Je, tumeziacha kweli? Metimani ilikuwa na muda wake, na muda ulipotimia mtu alirudi kati ya watu. Kutenga kwetu sisi hakutangazwi, na kwa hiyo hakuna siku ya kutangazwa ya kuwa kumekwisha. Na yule binti wa zamani, aliyefukuzwa na ndugu zake wa damu, alipewa maziwa na mgeni asiyemjua Kristu. Neno hilo latukumbusha mfano wa Msamaria, nalo latuaibisha.

Hata dola imekwisha kutafakari jambo hili. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule za serikali. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 serikali ilitangaza ya kuwa aweza kurudi na kuendelea na masomo. Ikiwa darasa la hesabu limemfungulia mlango, yapasa tujiulize kama jumuiya ya sala, pale walipo nyumba kumi wamjuao tangu utoto, imemfungulia wake.

Sasa tuseme juu ya dawa ambayo Kanisa linayo, na ambayo wengi huiogopa kwa kutoijua. Ndiyo sakramenti ya Kitubio. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamwambia padre ya kuwa katika kiti cha maungamo yeye ni hakimu na mganga kwa pamoja. Yamwagiza aulize maswali kwa busara na kwa kiasi, akitazama umri na hali ya mtu. Yamkataza kuuliza jina la yule aliyeshirikiana na mtu huyo katika dhambi. Yampa kila mkristu haki ya kuungama kwa padre yeyote mwenye idhini, awe wa parokia yake au wa parokia nyingine. Basi aonaye haya kwa padre amjuaye, na apande gari aende asikojulikana, wala hajatenda kosa lo lote. Yaagiza pia pawe na mahali penye wavu wa kutenga, ili atakaye kuungama pasipo kuonekana uso apate nafasi hiyo. Na siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yo yote, hata padre akitishwa kwa kifo. Anayeivunja kwa makusudi hutengwa na Kanisa papo hapo.

Tena Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha ya kuwa lawama ya mtu juu ya tendo lake huweza kupungua kwa sababu ya kutokujua, kulazimishwa, hofu, na mazoea yaliyokwisha kumkamata. Haisemi ya kuwa baya limekuwa jema. Yasema ya kuwa Mungu ayajua mapingu ya kila mtu na uzito wake. Yasema pia ya kuwa kujitawala ni kazi ndefu, isiyohesabiwa kuwa imekwisha, nayo hukua kwa hatua kama akuavyo mtoto. Mtoto ajifunzaye kutembea huanguka mara nyingi, na hakuna mama amwambiaye, “Kwa kuwa umeanguka jana, leo usisimame.”

Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Augustino, ajua vita hivi kuliko wengi. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Akiwa kijana aliishi miaka mingi na mwanamke pasipo ndoa, wakapata mtoto, Adeodato. Katika kitabu chake cha Maungamo akiri ya kuwa alimwomba Mungu usafi wa moyo, huku akiogopa asijibiwe upesi. Alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32.

Jambo moja katika habari hiyo husahauliwa. Mama yake, Mtakatifu Monika, aliona uchungu sana kwa sababu ya uzushi aliokuwa ameufuata mwanawe, hata kwa muda hakukubali kuishi naye wala kula naye meza moja. Kisha Mungu alimpa ndoto ya kumfariji, naye akamrudisha mezani. Hakumrudisha kwa kuwa ametubu. Ilipita tena karibu miaka tisa kabla ya Augustino kuongoka, na katika miaka hiyo maisha yake hayakubadilika. Mama alimkaribisha chakula, alilia, alisali, alimfuata ng'ambo ya bahari. Laiti angalingoja mwanawe awe safi ndipo ampe nafasi mezani, huenda leo tungelikuwa na mwana mpotevu mmoja zaidi, na Kanisa halingelikuwa na mwalimu yule mkuu.

Wala tusimfiche na yule mwanamke. Ilipotakiwa Augustino aoe mke wa heshima yake, mwanamke huyo alirudishwa Afrika, mtoto akabaki na baba. Aliondoka akiweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine. Augustino mwenyewe akiri ya kuwa yeye hakuweza kufanya vile, bali alitafuta mwingine. Jina la mwanamke huyo halikuandikwa popote. Hata katika kuongoka kwa mtakatifu, mzigo wa aibu ulibebwa na mwanamke zaidi ya mwanamume. Tuyajue hayo, ili sisi tusiyarudie.

Aibu yaweza kuua mwili pia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata wengi walifichwa vyumbani, nasi wakristu, badala ya kuwauguza, tuliulizana waliupataje. Mwaka 1992 Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianzisha huduma iitwayo PASADA, iwahudumie wagonjwa hao bila kubagua dini. Na hapo wengi walijifunza ya kuwa kumwosha mgonjwa ni kuhubiri. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali hutolewa bure nchini. Dawa ipo, lakini mtu aogopaye kuonekana mlangoni pa kliniki hataipata. Ndivyo ilivyo na roho. Kitubio hakina bei, ila mtu aogopaye ulimi wa jirani hatapita mlangoni pake.

Hapa hatuna budi kuweka mpaka, usije wema ukageuzwa kuwa maficho. Tumesema juu ya mtu anayepigana na udhaifu wake. Hatukusema juu ya mtu amwindaye mtoto, wala mwalimu amtakaye mwanafunzi wake, wala mlezi amshikaye aliyepewa amlee. Huo si udhaifu wa kufunikwa na jumuiya. Ni jinai, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeweka adhabu kali juu yake. Mtoto si mshiriki wa dhambi. Ni mtu aliyejeruhiwa. Yapasa apelekwe hospitali na katika dawati la jinsia na watoto la polisi, siku hiyo hiyo, wala wazee wasikae kikao cha kupatana ng'ombe. Akiwa mkosaji ni katekista au padre, neno ni lile lile. Na mwaka 2019 Papa Fransisko aliwaagiza mapadre na watawa wote watoe taarifa kwa wakubwa wa Kanisa wanapojua mambo hayo. Huruma kwa mwenye dhambi haimpi mtu ruhusa ya kumtoa mdogo kuwa sadaka.

Basi tufanye nini, sisi wa Singe na wa kila kigango cha njia panda?

Wanajumuiya, tuanze na ulimi. Jina la mtu asiyekuwapo lisiwe chakula cha kikao. Kama jambo lahitaji kusemwa, Bwana Yesu alitupa utaratibu: mwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Wengi wetu tumeanzia mwisho, tukalipeleka kwanza kwa watu wote. Na ikiwa kwaya au chama kina kanuni ya kumpumzisha aliyeanguka, basi kanuni hiyo iwapumzishe wote wawili, iwe na siku ya kwisha, na awepo mtu aliyeagizwa kumtembelea kila juma mpaka siku hiyo.

Wazazi, semeni na vijana wenu kabla simu haijasema nao. Kijana asiyepata neno la kweli nyumbani atapata neno la uongo mahali pengine, tena bila kutafuta sana. Na akija kukiri kosa, asipokelewe kwa fimbo, maana hatakuja mara ya pili.

Ninyi mnaoishi pamoja bila ndoa, msidanganyike kwa kuwa sheria ya nchi ya mwaka 1971 huwahesabu walioishi pamoja miaka 2 kana kwamba wameoana. Hiyo ni kinga ya haki mbele ya mahakama, si sakramenti. Lakini msidanganyike vilevile ya kuwa Kanisa ladai karamu. Ndoa takatifu yahitaji ninyi wawili mlio huru, ridhaa yenu, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Shela, keki, magari na kamati ya michango si sehemu yake. Nanyi wazee, mkipunguza mahari mtakuwa mmewafungulia watoto wenu njia ya Komunyo.

Mapadre wetu, twawaomba kwa heshima ya wana kwa baba zao: saa za maungamo zibandikwe mlangoni, nanyi muwepo saa hizo. Mara moja kwa mwezi mwalikeni padre mgeni, ili mwenye haya apate nafasi. Padre akimpokea vema mtu mmoja, huyo humleta wa pili, hata kama hasemi kwa nini.

Na wewe mpenzi msomaji, ambaye umelisoma gazeti hili ukiwa umekaa mbali na Kanisa, na moyoni wasema ya kuwa umekwisha kuahidi mara nyingi mno: twakuomba neno moja. Usingoje mpaka uwe umeshinda ndipo urudi. Yule mwana wa Injili alirudi na harufu ya nguruwe bado imo katika nguo zake, na baba yake alimwona angali mbali. Baba hakutuma mtu amwogeshe kwanza. Alikimbia.

Jumamosi ijayo nenda. Keti upande wa wavu, useme yaliyo kweli, hata kama ni yale yale ya mwezi uliopita. Ukianguka tena, nenda tena. Nasi tuliobaki ndani, kazi yetu Dominika itakayofuata ni nyepesi: tusigeuze shingo kumtazama anapoingia, ila tusogee kidogo katika benchi, apate mahali pa kukaa.

Mungu awabariki, na Bikira Maria, kimbilio la wakosefu, atuombee sote.